Peda Niliyoionja Kabla ya Lakshmi

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana habari hii imeshafika mpaka Lamadi na kila anayeisimulia ananiongezea ulafi, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe: mimi Shija, kidato cha tatu, ndiye niliyekula sadaka ya watu mbele ya sebule nzima ya wageni, tena kwa adabu.

Ilikuwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Rafiki yangu Kishan (tunakaa dawati moja, baba yake anauza mabati na misumari hapa Bariadi mjini) alinialika kwao, na kwa kuwa mama yangu ndiye anayewauzia maziwa, nilipeleka dumu mchana nikagoma kuondoka. Ningeondokaje? Mlangoni mama yake alikuwa amechora maua ya unga wa rangi, chini kabisa, pale pale watu wanapokanyaga, na jikoni maziwa yetu, haya haya ninayonywea viazi, yalikuwa yanakorogwa kwenye karai mpaka yakawa donge zito, likatiwa sukari na iliki, likafinyangwa vidonge bapa vinavyoitwa peda. Niliuliza maswali mpaka Kishan akasema hata mtihani wa baiolojia una huruma.

"Mama Kishan, mbona huonji?"

"Haionjwi. Anaanza Lakshmi, mungu wetu wa baraka."

"Sasa utajuaje sukari imetosha?"

"Mkono unajua. Na wewe usionje, Shija. Nakuona."

Ndani kulikuwa na bibi yake Kishan, wanamwita Ba, mzee wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Malampaka, anayeongea Kisukuma kunishinda mimi (alinisalimia "Mwadila", mimi nikajibu "Shikamoo" kama mgeni kutoka Dar). Ba alikuwa amefunga tangu asubuhi. Aliweka nadhiri kwamba hatatia kitu mdomoni mpaka Lakshmi apewe peda ya maziwa ya siku hiyo hiyo, na ibada ilitakiwa iishe kabla ya saa mbili, kwa sababu baada ya hapo saa yenye heri inakuwa imepita.

Jioni wageni wakajaa sebuleni, taa za udongo zikawashwa, na Mama Kishan, mikono yote ina mafuta, akaniambia, "Shija baba, peleka sinia mbele ya picha ya Lakshmi."

Hapo ndipo nilipoamua kuonyesha kwamba nimelelewa. Kwetu anayemletea mtu maziwa anapiga funda moja kwanza mbele yake, ili ajue hayana kitu kibaya, na bibi yangu aliwahi kunichapa kwa kulisahau hilo. Peda si maziwa? Lile katazo nililichukulia kuwa la jikoni, la kuzuia wadokozi, sebuleni nikaona halinihusu. (Sikatai, mate yalikuwa yananitoka, lakini adabu ilitangulia kidogo.) Basi nikasimama katikati ya watu, nikachukua peda ya juu kabisa, nikaing'ata, nikatafuna taratibu kila mtu aone, nikameza, ile nusu nikairudisha kwenye sinia, nikatangaza, "Karibuni, ni salama."

Hakuna aliyekaribia. Shangazi mmoja aliziba mdomo kwa mtandio. Kishan alikuwa anatazama dari.

"Sinia zima limeharibika," Mama Kishan akasema polepole, na upole ule ndio ulionitisha. "Ba hajala tangu asubuhi. Maziwa yameisha."

Nikajieleza, nikajieleza vibaya, nikamtaja bibi yangu, nikataja funda. Ba ndiye aliyecheka.

"Nimemwelewa. Malampaka walituletea maziwa hivyo hivyo," akasema. "Tatizo Lakshmi hakukulia Malampaka."

Nikachukua baiskeli ya Kishan nikakanyaga mpaka nyumbani, nikamkuta mama ndiyo kwanza anamaliza kukamua.

"Lita tatu tena, mama, upesi."

"Yale ya mchana yameenda wapi?"

"Nimeyaonja."

"Lita kumi?"

Sikuwa na muda wa kufafanua, naye akapima huku akisema mambo kwa Kisukuma ambayo sitayaandika hapa. Niliporudi, Mama Kishan akanikabidhi mwiko. Maziwa usipoyakoroga yanashika chini, ukikoroga haraka yanakurukia, na hayana haraka ya kuganda hata kama bibi wa watu ana njaa. Ba alikaa kwenye kigoda karibu yangu akiangalia mkono wangu, tumbo lake likanguruma, nikaomba msamaha, likanguruma tena, nikaomba tena.

"Omba kwa mkono, mjukuu wangu," akasema. "Koroga."

Saa mbili kasoro dakika kumi peda tisa zilizopinda zilikuwa mbele ya picha, zimebebwa na mtu mwingine. Wakaimba, wakazungusha taa, na ndipo Ba akachukua moja akaweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu sana. Sebule nzima ikawa inahesabu meno yake.

"Imeungua," akasema, kisha akachukua ya pili.

Akanilisha ya tatu kwa mkono wake mwenyewe, na kweli ilikuwa imeungua, nami nikaimaliza yote.

Tangu siku hiyo nimeapa: nikikabidhiwa sinia la mtu nauliza kwanza anaanza nani, hata likiwa la karanga. Mwaka huu Mama Kishan ameshaagiza maziwa, na oda ikaja na ujumbe, kwamba dumu liingie ndani na Shija abaki getini mpaka aitwe. Nimekubali. Ila geti lao liko upande wa jikoni, na sijauliza kama kunusa nako kumekatazwa, wala siulizi.