Lorna na Kunguru wa Halowini

Lorna Dudek alikuwa amewavusha barabara watoto wa mji wake mdogo wa Pennsylvania miaka mingi, hata madereva wakamwogopa kuliko polisi. Mwanamke mfupi, mdomo mrefu.

Lakini king'ora cha zimamoto kilipolia jioni ya Halowini, kuwaruhusu watoto waliovaa kama wanyama na mazimwi waanze kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, roho yake haikutulia. Mjukuu wake Tessa, wa miaka saba, alikuwa anatoka bila yeye kwa mara ya kwanza, na jirani yao Walt na wanawe. Na katika rangi zote alizoumba Mungu, mtoto kachagua kuwa kunguru.

"Nguo nyeusi, giza, lami nyeusi," alimlalamikia mkwewe Janine. "Dereva atamwonaje? Ndotoni?"

"Mama, si umembandika utepe wa kung'aa mwili mzima? Hebu tulia."

"Nitatulia kaburini."

Akaenda kusimama kwenye kona yake na kibao cha kusimamisha magari, shingo ikizunguka huku na huku. Kila bawa jeusi lililopita aliliita Tessa. Moja likawa baba mzima mwenye ndevu.

"Haya, mimi ndiye Tessa," yule baba akacheka. "Nipe pipi basi, Bibi!"

Lorna hakucheka. Utepe haukuonekana popote. Mtoto kaubandua, alijua tu. Kunguru gani ana mistari?

Mara akaona watoto wakikatiza katikati ya mtaa, wakichomoka baina ya magari yaliyoegeshwa. "Huku! Vukeni huku!" Wapi! Akatazama wanakokimbilia. Ng'ambo ile nyumba zote zilikuwa giza, isipokuwa moja. Ilikuwa yake. Pale mtaani hata mtoto mdogo anajua: taa ya barazani ikiwaka, karibu pipi, ikizimwa, pita zako. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha shuleni kila mwaka. Na leo, kwa mazoea, aliiwasha jioni, akafunga mlango, akaondoka.

Pikapu ikakata kona. Lorna akasahau magoti yake mabovu, akakimbia hadi katikati ya barabara, kibao juu. Breki zikalia.

"Mama, umechoka kuishi?" dereva akafoka.

Hatua chache mbele ya bampa, kitu kidogo cheusi kilikuwa kimeganda na mfuko wake wa pipi.

"Bibi," Tessa alisema kwa sauti ndogo, "nilikuwa nakuja kwako. Taa inawaka."

Walt akafika akihema. "Lorna, nisamehe, kaniponyoka! Kosa ni langu."

Lawama ilikuwa imepata wa kuibeba, na Janine asingejua kamwe. Lorna akaitazama taa ya barazani kwake.

"Si lako, Walt. Nimemwita mwenyewe."

Akamshika mtoto mkono, wakapanda kwenye njia ya waenda kwa miguu.

"Bibi, unaniumiza."

"Najua," alisema Lorna, wala hakulegeza.