Chambo Kilichopakwa Mafuta

Gereji nzima ilimwita Grisi, na mkewe naye alimwita hivyo akimkasirikia. Alikuwa fundi wa injini, mtu wa maneno machache, mwenye kucha ambazo hazikutakata kwa sabuni yoyote. Kaka yake mkubwa alikuwa fundi cherehani, mtanashati, na suti ya harusi ikitoka mikononi mwake ungedhani bwana harusi kazaliwa nayo. Baba yao alifariki mapema, hivyo kaka huyo ndiye aliyemlea Grisi, akamtafutia ufundi, na ndiye aliyemfundisha kuvua.

Jumapili walikwenda kwenye bwawa lililo nyuma ya mtambo wa maji wa mji, kuvua besi, samaki mwenye mdomo mpana na hila nyingi. Chambo chao kilikuwa mnyoo wa mpira unaoburutwa taratibu juu ya tope. Besi huuonja, akihisi ni mpira huutema papo hapo, na mvuvi ana muda wa kufumba na kufumbua tu kuusikia mshipi na kuvuta. Kaka alikuwa bingwa wa muda huo. Alisema vidole vilivyozoea sindano havidanganywi na samaki. Grisi alibeba kapu na kushangilia, miaka nenda miaka rudi.

Kisha mteja mmoja wa gereji, mvuvi vilevile, akamnong'oneza kwamba besi ana pua na ulimi kama watu. Harufu ya petroli humfukuza, harufu ya saumu na dagaa humvuta, na chumvi humfanya aendelee kuking'ang'ania chambo badala ya kukitema. Grisi akaanza kujipikia dawa yake jikoni: saumu iliyotwangwa, mafuta ya samaki, chumvi, vyote ndani ya chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi. Mkewe akalalamika kwamba samaki wa bwawani siku hizi wanaungiwa vizuri kuliko watu wa nyumba hii.

Alikusudia kumwambia kaka yake. Lakini Jumapili ya kwanza ya kupaka dawa hiyo, alipotoa besi wa kwanza, kisha wa pili, kaka alimpiga bega na kusema, "Leo umekuwa mvuvi." Neno hilo Grisi alikuwa amelingoja tangu utotoni. Akalimeza kama asali, akanyamaza. Jumapili iliyofuata kusema kukawa kugumu zaidi, na iliyofuata hiyo kukawa aibu.

Na kulikuwa na jambo baya kuliko kunyamaza. Macho ya kaka yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo Grisi ndiye aliyemvisha mnyoo kwenye ndoano. Wa kwake aliushika baada ya kunawa kwa ndimu na kuupaka mafuta. Wa kaka aliushika kwa vidole vilevile vyenye petroli, vilivyotoka kuchokonoa injini ya pikipiki aliyokuja nayo. Alijiambia kwamba ni kusahau tu.

Kaka akaanza kurudi mikono mitupu. Mwanzoni alitania kwamba samaki wamepata habari zake. Baadaye akaacha utani, akawa anakaa ukingoni akivikunja na kuvikunjua vidole, akivitazama. Halafu Jumapili moja akasema hajisikii vizuri, na nyingine vivyo hivyo. Grisi akaenda peke yake. Alivua, lakini samaki wale hawakuwa na ladha mdomoni mwake.

Aliyeleta habari ni mkewe, aliyekuwa amepeleka gauni dukani kwa kaka kupunguzwa kiuno. Shemeji amelikataa gauni, alisema, na si gauni tu: hata suti za harusi anazielekeza kwa fundi wa upande wa pili wa barabara. Amekwenda hospitali kwa ajili ya mikono yake. Daktari hakuona kitu, na yeye anaamini amefichwa ugonjwa wake. Fimbo ya kuvulia amempa jirani.

Grisi akasukuma sahani. Akamweleza mkewe kila kitu, akiitazama meza. Mkewe hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba jambo hili si la kungoja Jumapili.

Alimkuta kaka dukani, cherehani imefunikwa kitambaa.

"Kaka, mikono yako haina ugonjwa."

"Daktari naye kasema hivyohivyo."

"Daktari alibahatisha. Mimi najua." Akaiweka chupa mezani, akaeleza mafuta, kisha petroli. Kwenye petroli ilibidi aanze upya.

Kaka alifungua chupa, akanusa, akaifunga vizuri. Hakuuliza habari za samaki.

"Nilipokuwa nakaa pale navitazama vidole vyangu, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuona, kaka."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Akaondoa kitambaa, akavaa miwani, akapitisha kipande cha nguo chini ya sindano. Mshono ulitoka umenyooka. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema bila kupandisha sauti, "na mshona nguo ni mimi mwenyewe." Akacheka kidogo. Grisi hakuweza kucheka naye.

Suti zilirudi dukani. Fimbo nayo ilirudi, baada ya Grisi kumbembeleza jirani hadi akajiona mdogo kama kisoda cha chupa. Mafuta aliyamwaga, ingawa kaka hakumwambia ayamwage, na besi wake wakapungua wakabaki wa kuhesabika.

Mvua zilipokwisha kaka akarudi bwawani. Walikaa bega kwa bega kama zamani, wakazungumza habari za watoto na bei ya nyuzi. Ila kopo la minyoo kaka aliliweka upande wake wa pili, mbali na Grisi, na mnyoo aliuvisha mwenyewe, miwani puani, polepole, akikosea na kurudia.

"Lete nikusaidie, kaka," Grisi alimwambia siku moja. Mikono alikuwa ameiosha nyumbani, na akaiosha tena pale majini.

"Acha, mdogo wangu. Nitaweza."

Alisema kwa upole kabisa. Grisi akageukia maji, akashika fimbo yake.