Jipu la Kumfikisha Mama

Mjomba alipozikwa, mama hakufika. Gari langu, jipu, lilimkwamisha kwenye mpando wa udongo, karibu kabisa na kwao: ambreyaji, ile klachi, iliungua, nakanyaga mafuta, injini inalia tu, gari halisogei. Akasikia kwa simu kwamba wameshafukia. Kaka yake wa pekee, jamani! Hakulia. Hata tuliporudi nyumbani Ngagara, chozi halikumtoka.

Basi siku ya kugandura ilipokaribia, siku ile ukoo unapokutana kunywa pamoja na kuvua msiba, nikaapa kwamba mama atafika. Nikapeleka jipu Buyenzi kwa fundi mmoja mzee. Nikataka ambreyaji mpya, resori ngumu za kubeba gari, na amortisa ndefu za kuzuia mitikisiko. Gari likainuka, likapendeza! Nikalizunguka kichwa kimenivimba.

Asubuhi ya safari nikaenda na mama garejini, amevaa imvutano, vazi lake la sherehe. Fundi akaficha ufunguo.

"Mama apande kwanza, tuzunguke."

"Muzee, tunachelewa!"

"We unaendesha tu. Mwenye kuumia ni yeye."

Nikafoka mpaka watu wakageuka. Yule mzee wala hakunitazama. Akampitisha mama polepole kwenye mashimo ya mtaa, wakarudi, akamwuliza, "Mugongo unasemaje, mama?"

Mama akacheka kwa aibu. "Unalia, baba."

Mzee akaingia uvunguni, akafungua resori za nyuma, akaweka laini. Kisha akavuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia ambreyaji. Injini ikazimika papo hapo.

"Imeshika. Ingekuwa inateleza, injini ingeendelea kunguruma."

Mi nilikuwa natokota kwa hasira. Leo nikimkumbuka, namheshimu yule mzee kuliko mafundi wote wa mji huu.

Kwenye mpando ule mvua ilikuwa imenyesha. Nikatia gia ya kwanza, jipu likang'ang'ania tope, likapanda taratibu. Mama alikuwa ameshika mlango. Tukapita.

Tulifika jua limeshapinda. Nikajua tu, wameshamaliza, tumechelewa tena. Lakini mtungi wa pombe ulikuwa katikati ya ua, haujaguswa, na watu wote wamekaa wakitazama njia. Mama mdogo akaja mbio.

"Dada, tungeanzaje bila wewe?"

Mama akashuka, akaegemea jipu, na kilio alichokimeza tangu mazishi kikamtoka chote.