Plasta Kabla ya Mechi

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali ya misheni, hapa Iringa, karibu na kijana mchezaji wa mpira aliyevunjika mguu. Hakutulia hata kidogo. Aligonga plasta kwa kidole, akachungulia mlangoni, akakaa, akainuka tena.

Alipotokea sista mmoja Mzungu, mtu wa makamo, kijana hakungoja hata salamu.

"Sista, nikatie hii plasta leo! Jumamosi tunacheza na Mbeya."

"Bado wiki tano," sista akasema. "Kwetu nilikuwa bingwa wa kuteleza kwenye theluji, mbao miguuni. Nilivunjika mguu, nikasubiri miezi sita. Nikarudi, nikautwaa ubingwa tena. Nikavunjika mara ya pili. Safari hiyo nilisubiri wiki tatu tu."

"Ikawaje, Sista?"

Sista aligeuka kwenda kumwita mgonjwa mwingine, akichechemea. Kijana alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia ndani, kisha akakaa.

Jumamosi Mbeya walitufunga manne. Kijana alikuwapo kando ya uwanja, mguu kaunyoosha, anatafuna ukosi wa shati. Waliomzomea kwa kutocheza wote walikuwa na miguu mizima.