Mashine ilinyamaza, waya ukabaki hai: kosa langu la Kasulu

Wakuu, wanaostahili shikamoo naitoa, na wale wa kuniamkia mimi nimeshaitikia, marahaba.

Juzi kijana mmoja wa hapa Kibondo alileta malalamiko humu. Anasema umeme unazima, unawaka, unazima, unawaka, halafu kimya jumla. Akauliza kama kuna mtu ofisini anachezea swichi. Mkacheka kurasa tatu nzima.

Mimi sikucheka. Nilizima simu nikakaa nayo mapajani.

Hakuna anayechezea swichi, kijana. Kuna kifaa juu ya nguzo. Laini ikipata hitilafu kinakata chenyewe, kinasubiri kidogo, kisha kinarudisha umeme kuona kama hitilafu imeondoka. Kama bado ipo kinakata tena. Kikijaribu mara tatu kikashindwa, kinakata jumla mpaka fundi aje.

Siku hizi vina kompyuta ndani na vinatuma meseji. Vya zamani vilikuwa na mafuta, springi, na akili ya kuhesabu mpaka nne, basi.

Navijua kwa sababu kimoja nilikifunga kwa mikono yangu, Kasulu, miaka ya sabini. Nitakayoandika ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha. Mwajiri simtaji, msinisumbue PM. Naandika polepole, macho yamechoka na mwenyewe nimechoka, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Kibondo. Nilipelekwa Kasulu nikiwa kijana, fundi wa laini. Mji ulikuwa na injini ya dizeli, na laini moja ya umeme mkubwa ilitoka pale ikapanda vilima mpaka kwenye pampu ya maji. Njiani ilipita kijiji kilichoitwa Maili Nne, kijiji kipya cha watu waliohamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani. Hapo Maili Nne kulikuwa na mashine ya kusaga ya umeme.

Laini ilikatiza kwenye mikaratusi. Mliokaa nyanda zile mnajua upepo wake wa kiangazi. Tawi linaanguka, linagusa waya, injini inakata. Simu hakuna. Gari la ofisi liko juu ya mawe linangoja spea.

Basi nachukua baiskeli, naifuata laini nguzo kwa nguzo, natazama juu mpaka shingo inakakamaa. Tawi la kuondoa kwa dakika mbili nalitafuta kutwa nzima. Nikirudi miguu imevimba, na kesho yake tena. Uchovu ule, wakuu, nadhani sijaupumzika mpaka leo.

Ndipo nikabuni utaratibu wangu. Najua haukuwa halali, msinipigie kelele.

Nilichagua watu sita wanaoishi kando ya laini, kila mmoja na kipande chake. Nikampa kila mmoja mwanzi mrefu wenye ndoano. Nikawafundisha kusikiliza mashine ya kusaga, kwa sababu mngurumo wake ulisikika vilima vyote vile.

Gervas, mwenye kuiendesha, alikuwa na rimu ya gari imening'inizwa mlangoni. Akitaka kuzima mwenyewe anaigonga kwanza. Kwa hiyo rimu ikilia ndipo mashine ikanyamaza, ni Gervas kapumzika. Mashine ikinyamaza bila rimu, umeme umekatika na waya umekufa. Tazama kipande chako, ukiona tawi livute, kisha mtume mtu mjini na kijikaratasi nilichokuachia.

Opereta wa injini alikuwa Saidi, mtu wa Ujiji. Saidi hakuwasha laini bila kijikaratasi hata umpigie magoti. Hapo ndipo usalama wote ulipokuwa.

Ilifanya kazi vizuri mno. Kazi ya kutwa ikawa ya saa moja.

Hodari kuliko wote sita alikuwa Mama Yudita. Mjane, na shamba lake la maharage lilikuwa chini ya waya kabisa. Alikuwa na masikio, mama yule! Mashine haijamaliza kunyamaza vizuri, yeye kashashika mwanzi. Nikipita kwake hanipi nafasi ya kukataa chakula. "Mwakeye, mwana wanje," ananiamkia kwa Kiha, yaani mwanangu, "kaa ule. Huko Kibondo wanawaachia muwe wembamba namna hii?" Nakula viazi na maharage, naendelea na safari.

Mama yangu mzazi alikuwa mbali. Mnaelewa.

Sasa likaja lile Debe.

Jina lake la kitaalamu ni recloser. Sisi tuliliita Debe kwa sababu ya umbo lake. Walikuja wahandisi wawili kutoka mkoani, tukalipandisha juu ya nguzo pale laini inapotoka mjini. Wakaeleza kwamba tangu leo laini itajikata na kujirudisha yenyewe, hakuna tena kusubiri karatasi ya mtu.

Nilishangilia kuliko wote. Sitawadanganya kwamba nilikuwa na wasiwasi wowote. Niliwaza miguu yangu tu.

Kabla ya kuliwasha tukaitisha mkutano Maili Nne. Wahandisi wakaongea, mimi nikafafanua kwa Kiha. Watu wakapiga makofi. Mama Yudita akasimama.

"Fundi, kama unarudi wenyewe, sisi tutajuaje kama upo au haupo?"

Swali hilo, wakuu. Tulikuwa mafundi watatu pale na hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Nikamjibu bila hata kufikiri. "Kwa mashine, mama, kama siku zote. Ikinyamaza, umekatika. Ikinguruma tena, umerudi. Ikibaki kimya, ujue Debe limeshindwa. Hapo toa tawi kama ulivyozoea."

"Ego," akasema, akakaa. Ndiyo, ameelewa. Wote wakaelewa. Na wahandisi nao wakatikisa kichwa kwamba sawa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa.

Mota ya ile mashine ilikuwa na stata, yaani swichi ya kuiwashia. Umeme ukikatika, stata inajiachia. Umeme ukirudi, mota haiamki mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Imewekwa hivyo makusudi, ili mashine isije ikaanza yenyewe wakati mtu ameingiza mkono ndani.

Zamani haikuwa na shida. Umeme ukirudi, mjumbe anarudi kutoka mjini, anamwambia Gervas bonyeza, anabonyeza. Lakini kwa Debe umeme ungerudi baada ya sekunde mbili na hakuna wa kumwambia mtu yeyote. Mashine ingebaki kimya, na waya hai.

Stata ile niliifunga mimi. Kitufe kile nilikifunga mimi. Nilivijua vitu vyote viwili, na kichwani mwangu havikukutana.

Wiki za kwanza zilikuwa shwari. Debe lilikata mara moja tu, jioni, mashine imeshafungwa. Tukaona tumemaliza.

Kiangazi kikaingia.

Siku hiyo ilikuwa kama saa nne asubuhi, upepo unavuma. Niko chumba cha injini nakunywa chai na Saidi. Mara injini ikaguna, ikapumua, ikashika tena mzigo. Debe limekata na kurudisha.

"Umeona raha hiyo?" Saidi akaniambia. "Zamani sasa hivi ungekuwa unatafuta pampu ya baiskeli."

Tukacheka.

Maili Nne nako hivi ndivyo ilivyokuwa, nilisimuliwa baadaye. Tawi la mkaratusi liliangukia waya, likagusa nyaya mbili, kisha upepo ukalisogeza likabaki limening'inia kwenye waya mmoja. Hitilafu ikaondoka, Debe likarudisha umeme kama lilivyotengenezwa. Mashine ilinyamaza. Rimu haikulia. Gervas, kwa mazoea, alijua ni mapumziko ya saa nzima, akatoka nje akakaa juu ya gunia, akaanza kula kiazi.

Mama Yudita akasubiri. Alisubiri kweli, Gervas alimwona amesimama shambani amegeuzia sikio upande wa mashine. Hakusikia kitu. Kwa hiyo Debe limeshindwa. Alikumbuka kila neno nililomwambia.

Mwanzi wake wa zamani ulikuwa umepasuka. Siku ile alikuwa na mpya, wa jana yake, mbichi, bado una maji ya kupitisha umeme.

Pale chumba cha injini, kama robo saa baada ya ule mguno wa kwanza, injini ikaguna mara ya pili. Ikapumua. Ikashika.

Nikamwambia Saidi, "Leo Debe linakula mshahara wake kihalali."

Mguno ule wa pili ulikuwa Mama Yudita.

Samahani, niliacha kuandika kidogo. Naendelea.

Alikuja mtu kwa baiskeli, hana karatasi, anahema. Nilipomwona mikono mitupu nilijua. Nikamwambia Saidi azime injini yote, nikapanda baiskeli. Ile njia niliyokuwa nailaani kila siku, siku ile niliona haina mwisho.

Nilimkuta hai. Debe lilikata upesi, hilo niliseme, ndilo lililomwacha na pumzi. Lilipojirudisha, yeye alikuwa ameshatupwa katikati ya maharage na mwanzi uko kando. Lakini mkono wa kulia ulikuwa mweusi. Hospitali waliukata chini ya kiwiko.

Akaja afisa kutoka mkoani kuchunguza. Nilikuwepo kama mkalimani, tumekaa pembeni ya kitanda. Afisa akauliza, "Nani alikwambia uguse ule waya?"

Mama Yudita akanitazama mimi. Mimi nikatazama daftari la afisa.

"Hakuna," akasema. "Nilisikia vibaya mkutanoni. Masikio yangu yamezeeka."

Masikio yale!

Nikatafsiri. Neno kwa neno, nikatafsiri. Ripoti ikaandikwa kwamba mwanakijiji alikiuka maelekezo ya fundi. Nikapewa nisaini kama shahidi, nikasaini. Nilikuwa na kazi, na mke niliyemwoa karibuni, na woga. Leo sina cha kujitetea zaidi ya hapo.

Wiki ileile nilizunguka kukusanya ile mianzi yote. Nikafunga taa nyekundu nje ya ukuta wa mashine, ikiwaka ujue waya uko hai. Gervas alinishikia ngazi. Nikapiga marufuku mtu yeyote kugusa tawi, taa iwake isiwake. Nikarudi kwenye baiskeli yangu na shingo yangu. Baada ya muda nikaomba uhamisho, wakanileta huku Kibondo.

Kutoka Kibondo kwenda Kasulu si mbali kihivyo. Lori lilikuwepo, baadaye na basi. Nilimaliza miaka tisa sijaenda. Kila nikipanga safari napata sababu, mara mvua, mara mtoto ana homa, mara zamu.

Mwaka wa kumi nikaenda. Nilimkuta uani, ungo uko mbele yake, anapukuchua maharage kwa mkono mmoja huku ganda kalibana kwa kidole cha mguu. Alifanya haraka, kazoea. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia nimenenepa.

Sikukaa. Nikasema yote nimesimama. Kwamba hakusikia vibaya. Kwamba mimi ndiye niliyemwambia asikilize mashine, na mashine ilikuwa haiwezi kumwambia ukweli, na mimi nilikuwa na kila sababu ya kulijua hilo. Kwamba niliisaini ile karatasi.

Aliendelea kupukuchua.

"Najua," akasema. "Gervas aliniambia habari ya kitufe nikiwa bado hospitali."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kwa afisa, au hata baadaye.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe, mwana wanje."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Kisha akausogeza ungo katikati yetu akaniambia nikae nimsaidie, kuna maharage mengi na mimi nina mikono miwili. Tukapukuchua mpaka yakaisha.

Ndiyo hayo, wakuu.

Nilichojifunza ni kwamba mtambo unaojirudisha wenyewe hauondoi kazi ya kwenda kwa miguu mpaka kwa mtu anayeishi chini ya waya na kukaa naye kumuuliza yeye anajuaje kama umeme upo. Anayo alama yake, ambayo haimo kwenye michoro yenu. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo, maana kuna mtu amekaa mahali anakungoja.

Vijana mlioko kwenye laini leo, wenye vifaa vya kutuma meseji, nataka kusikia kwenu. Na wewe kijana wa Kibondo uliyeanzisha ule uzi, ukiona umezima ukawaka ukazima, kaa mbali na waya, hata kama nyumba nzima iko kimya.

Na wa kunitukana atukane. Nitasoma zote, polepole.