Ngozi ya Sarafu

Mama yangu hamwonyeshi mgeni kitu kisichong'aa. Sufuria zake, pale nyumbani mtaa wa Mbotela, zimepangwa ukutani migongo ikiangalia mlango, na ukizisogelea unaona meno yako. Huwa namtania kwamba siku moja atausugua hata ugali.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Kila nchi aliyofika alirudi na sarafu mbili tatu, akazitumbukiza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Hakutueleza ni za nini. Alipofariki, shangazi, dada yake, alisimama sebuleni kwetu matanga hayajaisha akamwambia mama, "Kaka yangu amezunguka nchi zote hizo, halafu amekuachia mkebe wa vyuma." Neno hilo lilimkaa mama kooni miaka yote, na mimi nilimchukia shangazi bila kificho.

Majuzi nikampata kijana wa mtaa wa Lucky Summer anayenunua na kuuza sarafu kwa simu. Akakubali kuja Jumamosi kuangalia zile za baba.

Alipoingia alikuta zimetandazwa juu ya kitambaa cha kufuma, zote zinameta. Akachukua moja, akainamisha kichwa.

"Mathe, hizi umezisugua?"

"Asubuhi yote! Majivu, ndimu na stilwaya. Ningekupa uchafu ushike, mwanangu?"

Kijana akakaa. Alizungumza kwa upole ambao sikuutarajia kwa mfanyabiashara. Alisema watu hudhani sarafu hupanda bei kwa kuzeeka au kwa kutoka mbali, kumbe hata za juzi hutafutwa, ikiwa zilitengenezwa chache au mtambo ulikosea. Ila mkusanyaji anataka sarafu iwe na ngozi yake ya kwanza, ile iliyotoka nayo kiwandani, na ikishakwanguliwa hairudi tena. Kisha akainua moja yenye picha ya ndege, akaigeuza taratibu mbele yetu. Ndege alikuwa wima, lakini maandishi ya nyuma yalikuwa yamelala upande.

"Cheki hii. Mtambo uliteleza, zingine haziko hivi. Wasee wa kukusanya sarafu wangeipigania. Lakini saa hii, mathe, iko na mikwaruzo kila mahali. Hakuna mtu atanunua."

Nilitamani ardhi immeze yule ndege na mkebe wake, mama asiendelee kuvitazama. Nikamwekea mkono begani nikingoja alie.

Hakulia. "Kwa hivyo ilikuwa na thamani?" akauliza.

"Sana."

"Kabla sijaisugua?"

"Hata jana, mathe. Mzee alikuwa na jicho. Hii hakuiokota tu hivi hivi."

Mama akafuta mikono kwa leso ingawa haikuwa na maji. Akachukua simu yake, akampigia shangazi.

"Wifi, hujambo? Niko na mgeni hapa." Akamnyooshea kijana simu. "Mwambie, mwanangu. Mwambie kaka yake aliniachia nini."