Kipira cha Nondo Mwingine

Alhamisi simu iliita nikiwa kwa fundi viatu Ngarenaro. "Yule mzee wako wa nondo ametutoka," sauti ikasema. Nilikaa chini, kisha nikapandwa na hasira ambayo hadi leo haijashuka. Marehemu alikuwa mtaalamu wa wadudu, Mmeru wa hapa hapa, aliyemaliza umri wake wa kazi akichunguza jambo tulilolicheka: namna nondo wa kantangaze, yule kipepeo wa usiku ambaye viwavi wake wanatumalizia nyanya, anavyonusa.

Siku moja sokoni Kikatiti alinipa kipira kidogo cha kijivu. "Nusa." Nikanusa, patupu. "Husikii kitu kwa sababu huitwi wewe," akacheka. Akanieleza kwamba nondo jike hutoa harufu, na dume huipokea kwa papasi, zile nyuzi mbili za kichwani. Kwenye vinyweleo vyake mna protini, na kila protini hukubali chembe ya harufu yenye umbo lake tu, kama kufuli na ufunguo wake. Kipira kile kilibeba harufu ya jike. Ukikitundika juu ya beseni la maji ya sabuni, madume huja wenyewe kuzama, nawe unajua mapema kama adui amefika, badala ya kupuliza sumu kila wiki kwa kubahatisha.

Wakubwa fulani wakaagiza vipira kwa wakulima wa nyanya wa Oldonyo Sambu. Vilipofika, marehemu aliomba visigawiwe, kwani vilikuwa vya nondo wa viwavijeshi, mdudu wa mahindi. "Mzee, harufu ni harufu," akajibiwa na mkubwa mmoja, ambaye nadhani nyumbani kwake kila ufunguo hufungua kila mlango. Vikagawiwa. Mabeseni yakakaa bila nondo, watu wakaamini shamba li salama, na kantangaze akala mpaka matunda. "Baba, mitego yako inashika vumbi tu," mama mmoja alimwambia marehemu mbele yangu, akajitwika bomba la sumu mgongoni, bila barakoa wala glavu. Nami kwa ujuaji wangu nikaandika humu humu gazetini mzaha kuhusu msomi anayetongoza nondo. Mlicheka sana.

Alinifuata ofisini na karatasi moja ya maelezo yake, bila ugomvi. "Mwandishi, mimi nichekeni tu. Ila andika kwamba kipira kilikuwa cha mdudu mwingine, watu waache kuoga sumu." Nikamwambia wiki ijayo. Niliendelea kumwambia hivyo kila tulipokutana, naye kila mara alisema haya, asante.

Juzi msibani, mkubwa yule yule alisimama kati ya migomba akamsifu marehemu kwa "kuwaletea wananchi mitego ya kisasa." Nilitamani kumnyang'anya kipaza sauti. Sikuthubutu, na baada ya mazishi mjane akanijia. "Mwandishi, ile karatasi yake bado unayo?" Nikasema, ninayo, mama. "Yeye tumemzika. Hiyo usiizike."

Kwa Kiswahili harufu husikiwa. Nondo, mdudu asiyejaa kwenye kiganja, husikia inayomhusu. Sisi tuliambiwa kwa mdomo na kwa maandishi, hatukusikia. Basi someni, na mkubwa yule asomewe: vipira vile vilikuwa vya mdudu wa mahindi. Mtego haukukosea, wala mzee aliyetufundisha. Mkulima, kabla hujatundika kipira, uliza ni cha nondo yupi. Na ukijibiwa harufu ni harufu, mrudishie mwenyewe kipira chake.